POLISI SI BAWABU WA LANGO LA TAJIRI



Limo katika mikutano yetu, na hata katika kumbi za makanisa yetu, jambo moja ambalo hutajwa kwa mzaha tu. Watu wakacheka, kisha wakaendelea na ajenda. Jambo lenyewe ni Mhindi na polisi. Mzaha wenyewe unajulikana kutoka River Road hadi Kisumu: ukienda kituoni kumshtaki Mhindi, atakayelala korokoroni ni wewe, trafiki akiona Mhindi kwenye usukani huona karo ya watoto imepatikana, na mbwa wa Parklands hulindwa vizuri kuliko mtoto wa Mathare. Kicheko kikiisha, hakuna anayeuliza kama mambo yanapaswa kuwa hivyo, wala ni nani anayefaidika nayo.

Sisi tunauliza. Na jibu letu twalitoa mwanzoni ili msomaji asilitafute: mapatano ya chini kwa chini kati ya wakuu wa vituo na matajiri wachache wa Kiasia, yanayopambwa kwa jina la ushirikiano wa usalama, hayamlindi Mwafrika, hayamlindi Mwasia, wala hayamwinui askari mwenyewe. Ushirikiano wa haki baina ya polisi na jamii za Kiasia unahitajika sana, tena haraka. Lakini utajengwa hadharani, kwa mujibu wa Katiba, mbele ya majirani wote; ama sivyo hautakuwa ushirikiano bali biashara.

Kwanza tuwe na hakika tunazungumza juu ya nani. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia 176,613 nchini. Sensa ya 2019 ilihesabu raia wa Kenya wa asili ya Kiasia 47,555, na Waasia wasio raia 42,972. Hata laki moja hawafiki, katika taifa la watu zaidi ya milioni 47. Nao si kundi moja. Wamo Wahindu wa asili ya Gujarati, Waoshwal, Waismailia, Mabohora, Masingasinga, Waislamu wa asili ya Punjab, na Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki wanaopiga magoti katika benchi moja nanyi kila Jumapili. Wamo wenye viwanda, na wamo makarani wastaafu na wajane wanaohesabu senti ya kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa Julai 2017 serikali iliwatangaza rasmi kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Tangazo hilo lilitolewa wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, wakati ambao serikali zetu huwa na kumbukumbu nzuri kupita kiasi.

Historia ya polisi na Waasia katika nchi hii ina kejeli ambayo wachache wanaikumbuka. Askari wa kwanza waliolinda bohari za Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, katika siku ambazo fedha ya nchi ilikuwa rupia, wengi wao walikuwa Wahindi. Waafrika walikuwa wachache tu kati yao. Kanuni ya Adhabu iliyotumika hapa hadi mwaka 1930 ilikuwa ile iliyotungwa kwa ajili ya Uhindi mwaka 1860. Mkoloni alikuwa na hesabu zake: mgeni amlinde mgeni, mwenyeji amwogope wote wawili. Aliyechukua kazi ya reli kati ya 1896 na 1901, mmoja wa vibarua wapatao 32,000 walioletwa kwa mkataba, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, hakuwa na sauti yoyote katika hesabu hizo. Lakini mbegu ilipandwa. Polisi walianza wakiwa walinzi wa mali, si walinzi wa watu. Na tabia ya utotoni haikuachwa ukubwani.

Na rungu hilohilo liligeuka. Mwezi wa Mei 1950 polisi walimkamata Makhan Singh, mwana wa Punjab aliyeviunganisha vyama vya wafanyakazi wa rangi zote, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amesimama katika ukumbi wa Kaloleni na kudai uhuru wa nchi hizi za Afrika Mashariki. Alizuiliwa kaskazini ya mbali zaidi ya miaka 11, hadi Oktoba 1961. Alipokamatwa, wafanyakazi Waafrika wa Nairobi waligoma kudai aachiliwe yeye na Fred Kubai. Kule Kapenguria, miongoni mwa mawakili waliomsimamia Jomo Kenyatta na wenzake walikuwamo Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Westlands. Kijana mmoja alihukumiwa, akaozea gerezani zaidi ya miaka 30. Lakini wale waliompanga Pinto kufa hawajasimamishwa kizimbani hata leo. Huo ndio upelelezi ambao Mwasia mpenda haki alipata kutoka kwa polisi wa Kenya huru. Yeyote anayesema kwamba Waasia na polisi ni kitu kimoja, naye aieleze familia ya Pinto.

Wala damu hiyo haikukauka kwa kizazi cha uhuru. Mwaka 1991, serikali ilipotaka kuichimba bustani ya Jeevanjee ijenge juu yake, Zarina Patel ndiye aliyeongoza umma kuipigania. Pheroze Nowrojee, aliyefariki mwaka 2025, aliwatetea wafungwa wa kisiasa katika miaka ambayo wakili aliyefanya hivyo alikuwa akihatarisha maisha yake. Basi mlango wa mageuzi haujawahi kuwa mgeni kwa Waasia.

Sasa tufike kwenye jeraha lenyewe. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa walitangaza redioni kwamba wameipindua serikali. Kabla jua halijatua jaribio lilikuwa limezimwa. Lakini katika saa hizo chache maduka ya Waasia katikati ya Nairobi yalivunjwa na kuporwa hadi rafu; nyumba zao ziliingiwa; wanawake wa Kiasia walibakwa ndani ya nyumba zao. Mji haukuwa na polisi siku ile. Waporaji walikuwa raia na walikuwa wenye sare. Wengi wa wanawake wale hawakwenda kuandikisha kosa popote, kwa aibu, na kwa sababu nyingine nyepesi kueleweka: waende wakamshtakie nani, na kwa nani?

Tunalitaja hili kwa sababu hakuna atakayeelewa kuta za Parklands asipoielewa Jumapili ile. Waliokuwa na pasipoti za Uingereza wengi wakaondoka. Waliobaki wakaongeza vyuma madirishani, wakaongeza mbwa, wakaongeza bawabu, kisha wakajifunza jambo moja ambalo limekuwa balaa kwetu sote: kwamba dola halimlindi Mwasia kwa sababu ni raia, bali litamlinda akilipa.

Basi wakalipa. Wakati wa chama kimoja walilipa kwanza kwa njia ya harambee. Mkuu wa wilaya alifika dukani na kijitabu cha risiti. Mwenye duka hakuuliza shule hiyo iko wapi, aliuliza tu jirani yake ametoa ngapi. Kisha yakaja malipo ya kituoni. Gari la doria halina petroli: mtu apigiwe simu. Tairi zimekwisha: mtu apigiwe simu. Kituo kinahitaji rangi, meza, simu ya upepo, chai ya wageni: daima kuna mtu wa kupigiwa simu, na mtu huyo mara nyingi ana jina la Kiasia. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakapata askari wa serikali, mwenye bunduki ya serikali, akaketi langoni mwa nyumba au kwenye kiti cha mbele cha gari usiku na mchana. Mara kwa mara wakuu wa polisi wametangaza kwamba askari wanaolinda watu binafsi wanarudishwa kazini. Mara kwa mara tangazo lilelile limehitaji kutolewa upya.

Wako watakaotuambia: kosa liko wapi? Serikali haina petroli, raia mwema amejitolea, doria imefanyika, mwizi amekimbia. Kosa liko hapa. Petroli ya raia mwema ina njia inayoijua. Gari lililojazwa na wakazi wa barabara fulani litazunguka barabara hiyo. Simu ya Huruma ikilia usiku uleule, mkuu wa kituo yuko kwenye mizani, na upande mmoja wa mizani umekwisha kutiwa uzito. Hakuna haja ya yeyote kutamka neno baya. Askari anamjua aliyemnunulia tairi kama ng'ombe amjuavyo mwenye pumba.

Na mwenye kulipa, je, amepata usalama? Tusimdanganye. Amepata kufahamika. Faili ya wafadhili wa kituo ni ileile orodha ya watu wanaoweza kukamuliwa. Leo ni petroli kwa hiari. Kesho ni kibali cha kazi cha mpwa aliyetoka Rajkot, kinachotiliwa shaka ghafla. Kesho kutwa ni kontena lililozuiliwa bandarini. Mwenye duka wa Kiasia anajua kwa uchungu kwamba uraia wake husomwa upya kila anaposimamishwa barabarani, na kwamba kitambulisho chake, hata kiwe na tarehe ya kabla askari hajazaliwa, hakimalizi mazungumzo mpaka kitu kidogo kimetoka. Akitekwa nyara mwanawe, kama ilivyotokea kwa familia kadhaa za Westlands na Parklands, wengi wao hulipa fidia kimyakimya bila kwenda kituoni, kwa hofu kwamba habari itawafikia watekaji kabla haijafika kwenye kitabu cha OB. Huu ndio usalama walioununua miaka 40.

Wa tatu katika hasara hii ni askari mwenyewe. Kikosi kazi cha Jaji Philip Ransley kilieleza mwaka 2009 hali ya kusikitisha ya makazi ya polisi: familia zaidi ya moja katika chumba kimoja, pazia likiwa ndilo ukuta. Mtu anayelala hivyo, kisha akapelekwa kulinda lango la nyumba yenye vyumba sita, hafundishwi uzalendo pale. Anafundishwa bei. Na serikali, ikijua kuna mtu wa kupigiwa simu, haina sababu ya kumjengea nyumba wala kulijazia gari lake petroli. Kila lita inayotolewa kwa mlango wa nyuma ni lita ambayo Hazina imesamehewa kuilipa.

Lakini yuko mwingine, ambaye hata katika gazeti letu hili jina lake hutajwa mara chache. Ni yaya. Ni mpishi, mtunza bustani, bawabu, dereva, mpakizi wa ghala. Mkufu wa dhahabu ukipotea katika nyumba ya tajiri, awe wa rangi yoyote, simu hupigwa kwa afisa anayejulikana, na anayefungwa pingu kabla ya swali la kwanza kuulizwa ni mtumishi. Hulala ndani Ijumaa ili Jumatatu iwe mbali. Ibara ya 49 ya Katiba inataka afikishwe mahakamani katika saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Na wenye simu wanaijua vizuri sana kalenda hiyo. Mkufu huonekana mara nyingine chini ya godoro la mwenye nyumba. Hakuna anayerudi kituoni kuomba radhi. Katika nyumba za Waasia, ambako baina ya bwana na mtumishi kuna tofauti ya rangi, ya dini na ya lugha kwa pamoja, dhuluma hii haionekani kuwa ya mtu mmoja tu; inaonekana kuwa ya jamii nzima dhidi ya jamii nzima. Siku mji ukikosa polisi, kama ulivyowakosa mwaka 1982, hesabu hizo hukumbukwa. Ndugu zetu Waasia wanaotaka usalama wa kudumu waanze kwa kuifuta simu ile.

Tumesema nao. Sasa tuseme na wa upande wetu.

Yako maneno yaliyotoka katika kambi ya mageuzi ambayo hayawezi kuachwa yapite. Kenneth Matiba aliteseka kizuizini mwaka 1990 kwa ajili ya vyama vingi, akatoka na afya iliyovunjika; deni letu kwake ni kubwa. Lakini mwaka 1996 aliposimama kuwashambulia Waasia na kuwataka waihame nchi hii, alitumia lugha ambayo hatuipokei kutoka kwa yeyote, shujaa au mwoga. Wengi walimpigia makofi kwa sababu ya Goldenberg, na hasira yao twaielewa: mabilioni ya shilingi yalichotwa kutoka Hazina mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kisingizio cha dhahabu na almasi. Lakini nani aliyeifungua Hazina? Mfanyabiashara, awe wa asili yoyote, hana ufunguo wa Benki Kuu. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa wakubwa wa serikali, na wakubwa hao walifurahi kuliko wote kusikia umma ukiimba "Wahindi! Wahindi!" badala ya kuyaimba majina yao.

Na wale wanaoona kufukuza watu kuwa ni dawa, wautazame mpaka wetu wa magharibi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Umati ulishangilia. Maduka yaligawiwa wanajeshi na marafiki zao, na haukupita muda mrefu rafu zikawa tupu, sukari na sabuni vikawa anasa. Askari waliozoeshwa kumvua Mhindi saa mkononi kwenye kizuizi cha barabarani hawakuacha kazi hiyo Wahindi walipokwisha. Waliendelea na waliokuwapo. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Wakristo wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuambiwa maana ya mfuatano huo wa tarehe.

Hata hapa kwetu tumeonja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka ya Waasia mjini Kisumu yaliporwa na kuchomwa moto. Katika mji uleule polisi waliwapiga watu risasi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu nchini kote vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Tafakari jambo hili: mwenye duka alipoteza duka, kijana wa Kondele alipoteza maisha, na polisi waliokuwapo hawakuwa wamemlinda yeyote kati yao. Hapo ndipo Mwasia na kijana wa Kondele wana kesi moja, ingawa hawajapata kuketi meza moja kuizungumza.

Je, meza hiyo ipo? Ipo, imo katika sheria, inakula vumbi. Ibara ya 244 ya Katiba ya 2010 inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iendeleze uhusiano na jamii pana. Haikusema jamii yenye petroli. Ibara ya 246 inataka muundo wa polisi uakisi sura ya maeneo na makabila yote ya Kenya. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 ina sehemu nzima juu ya ulinzi wa kijamii, ina kamati za wananchi na polisi, na juu yake ina mamlaka ya polisi ya kaunti inayoongozwa na gavana, ambamo wafanyabiashara, wanawake, vijana na mashirika ya dini wanapaswa kuwa na viti. Mamlaka hizo zimekaa miaka mingi kwenye karatasi, magavana na serikali kuu wakivutana juu ya nani ashike usukani wa usalama. Nyumba Kumi, iliyosukumwa kwa nguvu tangu 2013, mahali pengi imebaki kuwa mkono wa chifu. Na katika mitaa ya kuta ndefu haijulikani hata jirani wa tano anaitwa nani.

Na bado tumeona kwa macho yetu kwamba jambo hili linawezekana. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wa al-Shabaab waliingia Westgate, Jumamosi ya adhuhuri, wakati watoto wamekusanyika juu ya ghorofa ya maegesho kwa mashindano ya upishi. Watu 67 waliuawa. Waliotangulia kuingia kuokoa watu hawakuwa kikosi maalum. Walikuwa polisi wachache wasio na sare pamoja na raia wenye bastola za leseni, Waasia na Wasomali na wengineo, waliosonga duka kwa duka wakiwatoa majeruhi. Kituo cha Oshwal kilicho jirani kikageuka mahali pa huduma ya kwanza na pa jamaa kusubiri habari. Hospitali za MP Shah na Aga Khan zikapokea waliojeruhiwa. Watu wa kila rangi wakapanga foleni kutoa damu. Saa zile chache polisi na raia hawakuulizana kabila wala bei.

Kisha wakubwa wakafika. Polisi na jeshi wakagongana juu ya amri, kamanda wa kikosi cha polisi akauawa kwa risasi ya upande wake mwenyewe, na baada ya siku nne za mzingiro wenye maduka walirudi wakakuta makabati yamevunjwa na vito havipo. Wanajeshi wawili walifukuzwa kazi na kufungwa. Tofauti kati ya saa za kwanza na siku zilizofuata haikuwa ya silaha. Waliotangulia walijuana, au walikubali kujuana papo hapo. Waliofuata hawakuwajibika kwa yeyote aliyekuwa mle ndani.

Kwa hiyo madai yetu ni ya vitendo. Mchango wowote kwa kituo cha polisi, uwe gari, petroli, kompyuta au mfuko wa simiti, usipitie kwa mkuu wa kituo. Upitie serikalini kwa maandishi, na jina la mtoaji lisomwe katika baraza. Mtoaji mwema atapoteza nini? Askari anayelinda lango la mtu binafsi arudishwe kwenye doria ya umma. Atakaye bawabu aajiri bawabu, amlipe mshahara wa haki, na ampe kiti katika kamati ya usalama ya mtaa, kwa maana hakuna anayeujua mtaa usiku kama yeye. Katika kamati hiyohiyo awemo yaya, awemo mchuuzi wa mboga, awemo mwakilishi wa hekalu, wa gurdwara, wa msikiti na wa kanisa, na awemo mwanamke wa Kiasia ambaye si mke wa mwenyekiti.

Vituo vya maeneo wanakoishi Waasia wengi viwe na afisa wa kike na mtu wa kutafsiri Kigujarati na Kipunjabi, ili bibi mzee aliyeporwa aeleze kosa kwa kinywa chake mwenyewe, si kwa kinywa cha mwanawe anayeona haya. Na nyinyi wazazi wa Kiasia, liko swali mnalolikwepa. Watoto wenu huota London, Toronto, Leicester. Nani ameota Kiganjo? Mnalalamika kwamba polisi hawawajui, lakini katika gwaride la kuhitimu la chuo cha polisi ni nadra kusikia jina la Patel au la Singh. Hilo halimaanishi serikali haina lawama. Wanaosajili wajue kwamba Ibara ya 246 haikumaliza orodha yake kwenye makabila 43. Lakini fomu haiwezi kujazwa na asiyeichukua.

Makanisa yana kazi yake. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika Kanisa Kuu la All Saints na kuwapiga watu waliokuwa wamekimbilia humo. Tangu hapo hakuna Mkristo wa Nairobi anayeweza kusema kwamba dhuluma ya polisi ni jambo la watu wengine. Msamaria wa mfano wa Bwana Yesu alikuwa mtu wa jamii iliyodharauliwa na kushukiwa. Na huenda wasomaji wa mfano huo wakajiuliza ni nani leo anayepita barabara ileile. Parokia zilizo Parklands, Ngara, Nyali na Milimani ya Kisumu ziyaalike mahekalu na misikiti ya jirani katika ukumbi mmoja, zimwite mkuu wa kituo, zimkalishe mbele, na wote wamuulize maswali yaleyale kwa lugha moja.

Na kama yupo anayedhani bado kwamba pesa au ukaribu na wakubwa ni kinga, akumbuke Julai 2022. Raia wawili wa India waliokuja kusaidia kampeni ya mgombea ambaye wiki chache baadaye alikuwa Rais wa nchi hii, walisimamishwa barabarani usiku Nairobi pamoja na dereva wao wa teksi, Mkenya. Hawakuonekana tena wakiwa hai. Kitengo maalum cha upelelezi kilichohusishwa na kutoweka kwao kilivunjwa Oktoba mwaka huo, na maafisa kadhaa wakafikishwa mahakamani. Wageni wawili na dereva mmoja: waliowachukua hawakutenganisha rangi. Wananchi wetu wengi, kutoka Mathare hadi Mombasa, walikuwa wametoweka kwa njia hiyo kabla yao, bila kitengo chochote kuvunjwa kwa ajili yao.

Tunataka ubao katika kila kituo cha polisi, ukutani, mahali ambapo mwananchi anayesubiri nambari ya OB anaweza kuusoma: kituo hiki kimepokea nini, kutoka kwa nani, tarehe gani, na kimetumiwa wapi. Ubao wa kwanza upigiliwe misumari Parklands.